Difibrileta Haipigi Shoti: Pa Kuangalia Kwanza

Matatizo ya difibrileta, mashine inayoupiga shoti ya umeme moyo uliovurugika, yana nyakati mbili. Lipo linalojitokeza mtu akiwa amelala sakafuni, hapumui, na mashine imegoma. Hapo una sekunde. Na lipo linalojionyesha asubuhi tulivu, taa nyekundu ikimweka kabatini na hakuna aliyeugua. Hapo una siku nzima ya kulishughulikia. Hayo mawili hayatatuliwi kwa njia moja, na kuyachanganya ndiko kunakomfanya mtu asimame juu ya mgonjwa akisoma kijitabu cha maelekezo.

Ninayoyaeleza yanahusu hasa difibrileta ya kujiendesha, ile inayoandikwa AED kwenye kasha lake, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Mbele kidogo kuna machache kuhusu zile kubwa za hospitali, kwa kuwa zina mitego yake.

Sheria moja inazitangulia dalili zote: mikono haisubiri mashine. Mtu asiyeitika na asiyepumua kawaida anakandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kama ni mtu mzima, huku mwenzako akihangaika na waya na vitufe. Mikoromo ya hapa na pale, kama ya mtu anayetafuta hewa, isikudanganye. Hiyo si kupumua. Pasipo kukandamizwa wala shoti, nafasi ya kupona hushuka kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Kifua kikikandamizwa vizuri, inashuka polepole zaidi. Ukiwa peke yako, kila jaribio nitakalolitaja lipe sekunde chache tu. Likishindikana, rudi kifuani.

Umeifungua, iko kimya

Baadhi ya mashine huwaka zenyewe kifuniko kinapoinuliwa, nyingine husubiri kitufe. Aliyefundishwa kwa aina ya kwanza akakutana na ya pili hubaki akingoja sauti isiyokuja. Tafuta kitufe cha kuwashia, mara nyingi ni cha kijani, ukibonyeze kwa uhakika.

Kama bado kimya, ichomoe betri na uirudishe mpaka usikie imejifunga. Betri iliyolegea ni jambo la kawaida kwenye mashine iliyotoka kusafishwa au kubadilishwa betri. Baadhi ya mashine zikirudishiwa betri huanza kujipima zenyewe; usikae kuangalia kipimo hicho, bonyeza kitufe cha kuwashia uendelee. Isipowaka hapo, achana nayo. Mtume mtu akalete nyingine, wewe endelea na kifua mpaka wahudumu wa dharura wafike.

Ikiwaka na kulalamika kwamba betri ni hafifu, itumie hivyo hivyo. Mashine nyingi hutoa onyo hilo zikiwa bado na akiba ya shoti kadhaa.

Na ikizungumza lugha usiyoijua? Fuata picha na taa zinazomweka. Hatua ni zile zile duniani kote: pedi (vibandiko viwili vyenye waya vinavyopitisha umeme) kifuani, watu waondoke mwilini, bonyeza. Zipo zenye kitufe cha kubadili lugha, ila kisikupotezee muda.

“Kagua pedi”, “unganisha pedi”

Huu ndio ujumbe unaowachanganya watu wengi, na ndio wenye sababu nyingi kuliko zote. Ripoti za hitilafu zilizopelekwa kwa FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba, kati ya 1993 na 2008 zilichambuliwa, na karibu nusu ya hitilafu zilizohusishwa na vifo zikaonekana kutoka sehemu mbili: pedi na viunganishi vyake, au betri na umeme. Bongo za mashine hizi huharibika mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Ni vyema kujua mashine inalalamikia nini. Pedi zikishabandikwa, inapitisha umeme mdogo sana usiohisika kutoka pedi moja hadi nyingine na kupima ukinzani wa kifua. Ukinzani ukiwa mkubwa mno, inaelewa kwamba hakuna mwili katikati. Ukiwa mdogo mno, inaelewa kwamba pedi zimegusana au kuna kitu kinachopitisha umeme njia ya mkato. Kwa hiyo “kagua pedi” maana yake ni kwamba njia ya umeme kati ya mashine na ngozi ina kasoro. Ifuate njia hiyo kuanzia kwenye mashine kwenda kwa mgonjwa, maana makosa ya upande wa mashine hurekebishwa haraka zaidi.

Anza na plagi. Kwenye aina nyingine waya wa pedi umeshachomekwa tangu dukani. Kwenye nyingine unachomeka mwenyewe, na kwa kawaida kuna taa inayomweka kando ya tundu lake. Sukuma mpaka mwisho. Kisha tazama nyuma ya pedi: je, plastiki ya kinga imebanduliwa? Pedi iliyobandikwa na plastiki yake inakaa kifuani vizuri kabisa kwa macho, na haipitishi kitu.

Halafu ngozi. Pedi zinataka ngozi tupu. Kata nguo kwa mkasi ulio kwenye kasha, sidiria ikiwemo. Wanawake hucheleweshewa shoti kwa sababu watu wanaona haya kuwavua, na haya hiyo haina faida yoyote kwao. Kifua chenye jasho au maji kifute kwa kitambaa kikavu. Kama mtu ametolewa kwenye maji, mwondoe kwenye dimbwi, kausha kifua tu, endelea. Huna haja ya kumkausha mwili mzima. Ukikuta kiraka cha dawa mahali pa pedi, kibandue, ikiwezekana kwa mkono wenye glavu, na ufute palipokuwa nacho. Mkufu wa chuma usukume pembeni usiguse pedi.

Nywele nyingi kifuani huinua pedi na kuacha hewa chini yake. Kwanza bonyeza pedi kwa nguvu kwa kiganja, ukianzia katikati kwenda kingoni. Mara nyingi ujumbe unaondoka hapo hapo. Usipoondoka, nyoa kwa wembe ulio kwenye kasha, viraka viwili tu vya ukubwa wa pedi. Pasipo wembe na kukiwa na pedi za akiba, zile za kwanza zikandamize vizuri kisha zing’oe kwa mkupuo. Zitaondoka na nywele, na za akiba zitapata pa kushika. Kwa kuwa mgonjwa hana fahamu, hatahisi maumivu.

Ukiyapitia yote hayo na sauti bado inarudia maneno yale yale, inawezekana jeli, ule ute unaonata chini ya pedi, imekauka. Itazame: inayofaa inang’aa na inanata kidoleni, iliyokufa ni ngumu, imepasuka kingo au imebaki kwenye plastiki. Badilisha ukiwa na nyingine. Kama huna, zibonyeze hizo hizo kwa nguvu na ujaribu. Kadhalika pedi zilizopita tarehe: hazipaswi kuwa kabatini kabisa, lakini zikiwa ndizo pekee ulizo nazo na mtu yuko chini, zibandike huku mwingine akienda kutafuta mpya.

Kuhusu mahali pa kubandika. Moja inakaa chini ya mtulinga wa kulia, kando ya mfupa wa kifua. Ya pili inakaa upande wa kushoto wa mwili, chini ya kwapa. Kosa linalojirudia ni hiyo ya pili kuwekwa mbele mno, karibu na chuchu. Mashine haitalalamika, itapima na kupiga shoti kama kawaida, ila umeme mwingi utapita juu juu bila kuupitia moyo sawasawa. Ukigundua umezibadilisha, ya kulia umeiweka kushoto na ya kushoto kulia, ziache. Umeme utapita vile vile, na pedi iliyobanduliwa hainati tena kama mwanzo.

Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi, karibu na bega, huenda ni kifaa cha kuendesha mapigo kilichopandikizwa. Usibandike juu yake. Sogea angalau sentimita 8. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 au kilo 25, tumia pedi za watoto au swichi ya watoto kama mashine inayo. Kama haina, pedi za watu wazima ni bora kuliko kutopiga shoti. Kifua kikiwa kidogo kiasi cha pedi kukaribiana, weka moja katikati ya kifua na nyingine mgongoni, katikati ya mabega.

“Mwendo umegunduliwa”, au uchambuzi usioisha

Mashine inapochambua inasoma umeme wa moyo, ambao ni mdogo sana. Kitu chochote kinachoutikisa mwili kinatia kelele ndani yake. Mara nyingi kuna mtu bado anakandamiza, au ameshika mkono wa mgonjwa kwa huruma. Waambie wote waachie, kwa sauti. Ndani ya gari linalokwenda, gari lisimame kwa sekunde hizo chache. Mgonjwa anayekoroma na kutikisika anaweza kusababisha hali hiyo hiyo. Hapo hakuna cha kuzuia zaidi ya kungoja mkoromo upite. Simu na redio za mawasiliano zisogezwe mbali na waya za pedi.

Uchambuzi ukigoma mara mbili mfululizo, rudi kukandamiza. Usiung’ang’anie.

“Shoti haishauriwi”

Huu ujumbe umeharibu majina ya mashine nyingi nzima. Mtu amelala kama maiti, mashine inasema hapana, na watu wanaizima, wanaiwasha tena, au wanaichomoa kwa hasira. Kumbe imefanya kazi yake.

Shoti haiwashi moyo uliozimika. Inachofanya ni kukatiza umeme uliovurugika, misuli yote ya moyo itulie kwa mpigo mmoja, ili kituo cha asili cha mapigo kipate nafasi ya kushika usukani tena. Kwa hiyo inafaa kwa midundo miwili tu: mtetemo wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), ambapo misuli inatetemeka ovyo bila kusukuma damu, na mbio za ventrikali zisizo na mapigo. Moyo ulio kimya kabisa, wenye mstari mnyoofu, hauna vurugu ya kukatizwa. Kuna pia hali ambayo umeme unaonekana mzuri lakini misuli haisukumi, mathalani mtu aliyetokwa na damu nyingi au aliyekosa hewa muda mrefu. Hapo napo shoti haina la kufanya. Katika hali zote hizo kinachobaki ni mikono, pumzi, na kutafuta kilichosababisha.

Wengine husikia “haishauriwi” wakadhani mgonjwa amepona, au kwamba amekwisha kufa, wakaacha. Mashine haijasema lolote kati ya hayo. Kama hapumui kawaida, kandamiza. Itachambua tena baada ya dakika 2, na mdundo uliokuwa haufai shoti unaweza kugeuka ukafaa, kinyume chake pia.

Je, mashine inaweza kukosea? Inaweza. Mtetemo uliofifia sana huonekana karibu na mstari mnyoofu. Mapigo ya kifaa kilichopandikizwa yanaweza kuichanganya. Pedi zisizonata huipa picha mbovu. Mambo mawili ya mwanzo hayako mikononi mwako. Pedi ziko, kwa hiyo zibonyeze tena kabla ya uchambuzi unaofuata.

Imechaji, kisha ikaghairi

Mashine nyingi huendelea kuutazama moyo wakati zinachaji. Mdundo ukibadilika katikati, hughairi na kumwaga chaji ndani kwa ndani. Sababu ya pili ni rahisi zaidi: hakuna aliyebonyeza. Chaji haikai milele. Kitufe kisipoguswa kwa muda fulani, mara nyingi chini ya dakika moja, mashine inaiondoa kwa usalama. Hutokea pale kila mtu anapodhani mwingine ndiye atakayebonyeza, au pale wanapodhani kila AED hupiga yenyewe. Zipo zinazopiga zenyewe baada ya kuhesabu, lakini nyingine zinangoja kidole. Kitufe kinachomweka ndicho kinachokungoja.

Shoti imetoka, mgonjwa yuko vile vile

Mwili kutoruka si dalili ya hitilafu. Sinema zimewazoesha watu kuona mgonjwa akiinuka kitandani. Kwa kweli mara nyingi ni mshtuko mdogo wa misuli, na wakati mwingine huuoni. Mashine ikisema shoti imetolewa, iamini. Hata moyo ukirudi kwenye mdundo mzuri, huchukua muda kabla ya kusukuma damu ya kutosha. Rudi kukandamiza mara moja bila kutafuta mapigo, kwa dakika 2.

Ukiona cheche au kunusa harufu ya kuungua, pedi ilikuwa na hewa chini yake au ilipakana na chuma. Rekebisha kabla ya shoti inayofuata. Kama kuna oksijeni ya barakoa, itoe na uiweke angalau mita 1 kutoka kifuani kila shoti inapopigwa.

Akianza kupumua na kujitikisa, pedi zibaki kifuani na mashine ibaki imewaka. Moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena ndani ya dakika chache.

Zile kubwa za wodini

Hapa mtu ndiye anayeamua, si mashine, na mtego mkubwa unaitwa SYNC. Kitufe hicho hutumika kwa mgonjwa mwenye mapigo ambaye mdundo wake unarekebishwa kwa umeme: mashine inangoja kilele cha kila pigo ili shoti isiangukie wakati hatari. Sasa mgonjwa huyo huyo akiingia kwenye mtetemo wa ventrikali, hakuna kilele tena. Unabonyeza, unashikilia, hakuna kinachotoka. Mashine inangoja pigo lisilokuwepo. Zima SYNC, chaji tena kama chaji imeondoka, piga. Baadhi ya mashine hutoka zenyewe kwenye SYNC kila baada ya shoti na nyingine hubaki humo, kwa hiyo jua tabia ya iliyo wodini kwako.

Wa pili ni mstari mnyoofu wa uongo. Kabla ya kuuamini, angalia kama skrini inasoma chanzo sahihi: mgonjwa ameunganishwa kwa waya za kifuani ilhali skrini imewekwa isome pedi, au kinyume. Angalia kama waya umechomoka, kisha ukubwa wa mawimbi kama haukupunguzwa. Ni kazi ya sekunde tatu, mikono ikiendelea.

Wa tatu unatokea baada ya ukaguzi wa asubuhi: waya umeachwa kwenye kifaa cha majaribio. Mashine itachaji na kutoa shoti yake vizuri sana, yote ikiishia kwenye kifaa hicho.

Kabatini, hakuna mgonjwa

Taa nyekundu, alama ya X au mlio wa kila baada ya muda maana yake mashine imejipima na kukuta kasoro. Anza na betri, kisha tarehe ya pedi, kisha plagi ya pedi kama ni aina inayopaswa kukaa imechomekwa. Betri za AED nyingi ni za lithiamu zisizochajiwa. Zikikaa tayari hudumu kwa kawaida miaka 2 hadi 5, sawa na pedi. Usijaribu kuzichaji. Difibrileta ya kwanza ya kubebeka, aliyoiunda Frank Pantridge huko Belfast mwaka 1965, iliendeshwa kwa betri za gari na kuwa na uzito wa takriban kilo 70; ya leo unaibeba kwa mkono mmoja, na udogo huo umefanya watu wasahau kwamba ndani yake kuna betri inayozeeka.

Ukiweka betri mpya na bado inalia, hakikisha ni ya modeli hiyo hasa, kisha iache imalize kipimo chake cha kujipima. Ikiendelea, ipeleke kwa fundi wa vifaa tiba. Usiifungue mwenyewe, maana kapasita ya ndani, sehemu inayohifadhi chaji ya shoti, hubeba umeme wa kuua.

Taa ya kijani nayo ina mipaka yake. Kipimo cha ndani huangalia saketi na betri, na kwenye baadhi ya mashine kuwepo kwa pedi, lakini hakiwezi kujua kama jeli bado inanata. Tarehe kwenye pakiti unaisoma kwa macho yako. Joto ndilo adui mkubwa wa jeli: mashine nyingi zimetengenezwa kukaa kati ya nyuzi 0 na 50, na gari lililofungwa juani linaweza kuupita mpaka huo. Pakiti ya pedi isifunguliwe “ili iwe tayari”. Ikifunguliwa, imeanza kukauka. Na mashine ya zamani ambayo pedi na betri zake halisi hazipatikani tena, iondoe kabatini. Kuiacha hapo ni kumdanganya atakayeikimbilia.

Mashine ikishindwa kwa mgonjwa

Usiisafishe haraka na kuirudisha. Iweke kando kama ilivyo, pamoja na pedi zilizotumika na pakiti zake zenye namba ya toleo. Kumbukumbu ya ndani ina mdundo uliosomwa, saa ya kila ujumbe na ukinzani uliopimwa, na ndiyo itakayoonyesha kama tatizo lilikuwa pedi, betri, mtumiaji au saketi. Andika ulichosikia na ulichoona ukiwa bado unakumbuka. Mjulishe mtengenezaji na mamlaka ya vifaa tiba ya nchi yako, uulize pia kama modeli hiyo ina tangazo la kurejeshwa kiwandani au programu mpya. Mpaka majibu yaje, kabati lisibaki tupu: azima mashine nyingine, au bandika karatasi mlangoni inayoonyesha iliyo karibu zaidi iko wapi.